Makazi ya Wazee: Ubora wa Huduma Tuupime kwa Kipi?

(Haya ni maelezo ya mhadhara uliotolewa baada ya swala ya Alasiri mbele ya wazazi, walimu na vijana wanaojitolea kuwazuru wazee na wagonjwa.)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anazistahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, Sahaba zake na kila aliyefuata nyendo zao kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.



Tumeombwa tuzungumze juu ya haki za wazee. Bila shaka wengi wenu mmekuja mkitarajia mhadhara mliouzoea, wa radhi za wazazi na adhabu ya mwenye kuwaasi. Mhadhara huo ni wa haki, na tumekwishautoa mara nyingi katika msikiti huu. Leo, hata hivyo, tunakusudia swali moja ambalo hatujapata kulisikia likiulizwa mimbarini. Mzee asiye na mtoto wala ndugu amekwishapelekwa katika makazi ya wazee. Analishwa na wengine, analazwa na wengine, anaoshwa na wengine. Sisi tunaokwenda kumzuru tutajuaje kama anatunzwa, au anahifadhiwa tu mpaka ajali yake ifike?

KISA KILICHOTUFUNGUA MACHO

Tutaanza kwa kisa. Makazi yenyewe hatutayataja kwa jina wala kwa mji, kwani makusudio yetu si kumfedhehesha mtu, na kosa tutakalolisimulia sehemu yake kubwa ni letu.

Kwa muda wa mwaka mmoja na ushei tulikuwa tukienda huko na vijana wa madrasa kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Tulipeleka mchele, unga, sukari na sabuni, na Ramadhani ilipoingia tulipeleka futari. Afisa mfawidhi alikuwa akitupokea kwa bashasha. Tulitia saini daftari la wageni, tukatembezwa vyumbani, na kila tulipopita tulikuta sakafu imepigwa deki na shuka zimetandikwa. Wazee walikuwa wameketi barazani, wanaume kwa kanzu na kofia, wanawake kwa khanga zilizofuliwa. Tulisoma Qur'ani, tukaomba dua, tukapiga picha ya pamoja, tukarudi. Tulipoulizwa msikitini habari za wazee wetu, tulijibu: "Alhamdulillahi, wanatunzwa vizuri." Ushahidi huo tuliutoa zaidi ya mara kumi.

Alikuwepo huko mzee mmoja, fundi seremala wa zamani, ambaye kiharusi kilikuwa kimempooza upande wa kulia na kumfunga ulimi. Yeye hakutolewa barazani. Tulikuwa tukimsalimia kitandani pake, amefunikwa shuka hadi kifuani. Tulimshika mkono na kumwombea shifaa. Alikuwa akikunja uso na machozi yakimtoka, nasi tulidhani analia kwa furaha ya kuona wageni.

Siku moja gari lililobeba mchele liliharibika njiani, tukafika saa tatu za usiku, siku ya Jumanne, bila ya miadi. Tulimkuta mhudumu mmoja, mama wa makamo, akihangaika peke yake kubadilisha shuka za mzee huyo. Akatuomba tumsaidie kumgeuza. Tulipomgeuza, harufu ilitutangulia. Mwisho wa uti wa mgongo palikuwa na donda ambalo ngumi ya mtoto ingeingia, na ndani yake mfupa ulikuwa ukionekana. Visigino vyote viwili vilikuwa vimeliwa.

Kesho yake alipelekwa hospitali. Sumu ya donda ilikuwa imekwishaingia katika damu, na baada ya wiki tatu alifariki dunia. Inna lillahi wa inna ilayhi raajiuun.

Usiku ule, kwa ghadhabu, tulimuuliza yule mama: "Vipi mmemwacha mtu kufikia hali hii?" Alitutazama kwa muda, kisha akasema maneno ambayo hatutayasahau: "Ustadh, nyinyi mwaka mzima mnatuletea mchele. Hata siku moja hamjatuuliza usiku tuko wangapi."

Tukamuuliza. Alikuwa yeye na mlinzi wa getini. Wazee walikuwa thelathini na wanne.

Ndugu zetu, donda linalofika mfupani halizuki kwa siku moja. Katika ziara zetu za mwisho lilikuwepo chini ya shuka ile ile tuliyosimama kando yake. Tulikuwa tumetoa ushahidi juu ya kitu tulichokuwa hatujakitazama.

MSINGI WA JAMBO HILI

Katika Sura Al-Israa, aya ya 23, Mola wetu ameunganisha kuabudiwa Kwake peke Yake na kuwatendea wema wazazi wawili, akakataza hata neno dogo la kuonyesha kuchoshwa nao. Wafasiri wamelisimamia neno moja katika aya hiyo, nalo ni "indaka", yaani "kwako". Mzazi anafikiwa na uzee akiwa kwako, chini ya dari yako na ulinzi wako. Huo ndio msingi. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 nayo iliiweka familia kuwa ndiyo mtunzaji wa kwanza, na makazi kuwa ni ya yule aliyekosa njia nyingine.

Lakini je, yule aliyekosa "indaka" yake, haki yake imekufa? Hasha. Qadhi Abu Yusuf amepokea katika Kitabul-Kharaj kwamba Khalifa Umar bin al-Khattab (r.a.) alimkuta mzee wa Kiyahudi, kipofu, akiomba milangoni. Umar alimchukua nyumbani, akampa alichokuwa nacho, kisha akamwagiza mtunza Baitul-Mali ampangie yeye na walio mfano wake fungu lao. Hoja yake ilikuwa kwamba si uadilifu kunufaika na mtu katika ujana wake na kumtupa katika uzee wake. Huyo hakuwa Muislamu wala jamaa yake. Hivyo basi, mzee asiye na mtu ni amana ya jamii nzima, na amana hukaguliwa.

Pia tunafundishwa katika Hadithi iliyopokewa na Muslim kwamba Allah amefaradhisha ihsani katika kila kitu, hata katika kuchinja: kisu kinolewe na mnyama apumzishwe. Ikiwa kondoo ana haki ya kisu kikali, vipi mwanaadamu aliyekosa nguvu ya kujigeuza kitandani? Na katika Hadithi mashuhuri ya Jibril, Mtume (s.a.w.) aliifafanua ihsani kuwa ni kumuabudu Allah kama kwamba unamuona, na ikiwa humuoni, basi Yeye anakuona. Maana yake kwa jambo letu ni hii: ubora wa kazi ni ule uliopo wakati hakuna mgeni. Makazi tuliyokuwa tukiyazuru yalikuwa mazuri mno Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa nne za asubuhi. Mzee yule alikuwa akioza siku ishirini na tisa zilizobaki.

WALIOTUTANGULIA WALIKAGUA

Asidhani mtu kwamba ukaguzi wa huduma ni jambo la kigeni. Nuruddin Mahmud Zanki alipojenga hospitali yake mjini Damascus mwaka 1154, na Sultan Qalawun alipojenga ya Cairo mwaka 1284, ziliendeshwa kwa mali ya wakfu, na wakfu huwa na msimamizi anayeulizwa. Masokoni alikuwepo muhtasib, na vitabu vya hisba vilimpa jukumu la kuwakagua matabibu sawasawa na wauza mkate.

Mwanahistoria Khalil bin Shahin adh-Dhahiri ameeleza kisa cha kupendeza. Anasema kwamba aliingia Damascus mwaka 831 Hijria akiwa na mtu mmoja mashuhuri wa Kiajemi. Mtu huyo alistaajabishwa na yale aliyoyaona katika hospitali ya Nuruddin, akataka kuijaribu, akajifanya mgonjwa na kulazwa. Tabibu akampima mapigo ya mshipa, akajua hana maradhi, lakini hakumfedhehesha. Akaamuru apewe vyakula vizuri, kuku, halua, vinywaji na matunda. Siku tatu zilipokwisha, akamwandikia karatasi ya kumkumbusha kwamba ugeni hauzidi siku tatu.

Wengi husimulia kisa hiki kujifaharisha. Sisi tunakichukulia funzo la njia aliyoitumia yule Muajemi. Aliyoyaona kwa kutembezwa hakuyafanya kuwa hukumu yake. Alilala humo, akala wanachokula, akasubiri aone usiku wake ukoje.

NYENZO, VITENDO NA MATOKEO

Katika zama zetu, elimu hii imewekewa mpango na daktari mwenye asili ya Armenia, Avedis Donabedian, aliyezaliwa Beirut mwaka 1919 na kusomea udaktari huko huko kabla ya kuhamia Marekani. Katika makala aliyoiandika mwaka 1966 alieleza kwamba ubora wa tiba hutazamwa katika mambo matatu. La kwanza ni nyenzo: jengo, vitanda, maji, fedha, idadi na ujuzi wa wahudumu. La pili ni vitendo: nini hasa anafanyiwa mgonjwa, lini na vipi. La tatu ni matokeo: hali yake imekuwaje baada ya hayo.

Tukijipima kwa mpango huo, sisi mwaka mzima tulitazama nyenzo peke yake, tena zile zinazopendeza macho. Vitendo hatukuviona, kwani huduma ilisimamishwa kila tulipofika ili tupokewe. Matokeo yalikuwa chini ya shuka.

MAMBO SABA YA KUTAZAMWA

Tumeyakusanya yafuatayo baada ya kuwauliza wauguzi na kusoma. Kijana yeyote mwenye akili timamu anaweza kuyatazama bila ya kuwa daktari.

Kwanza: idadi ya wahudumu usiku na siku za mapumziko. Usiulize kuna wahudumu wangapi kwa jumla; uliza jana usiku walikuwa wangapi kwa wazee wangapi, na ikiwezekana omba daftari la zamu. Mtu mmoja hawezi kuwageuza, kuwaosha na kuwapeleka chooni watu thelathini na wanne, hata awe mcha Mungu kiasi gani.

Pili: ngozi. Hili ndilo tutakalolirefusha. Mtu akilala upande mmoja muda mrefu, nyama hubanwa baina ya mfupa na godoro, damu haipiti, na nyama hufa. Kinaweza kuanza katika muda wa saa chache tu. Mkojo na jasho huharakisha, na kukosa lishe huzuia kupona. Mahali pake ni mwisho wa uti wa mgongo, nyonga, visigino, viwiko, mabega na kisogo. Kanuni iliyozoeleka kwa wauguzi ni kumgeuza asiyejiweza takriban kila saa mbili, na kuviinua visigino kwa mto chini ya miguu ili visiguse godoro. Vitabu vingi husema alama ya kwanza ni wekundu usioondoka ukibonyezwa kwa kidole. Katika ngozi nyeusi kama zetu wekundu huo mara nyingi hauonekani. Hapo jicho litakudanganya, na mkono ndio utakaokuambia: mahali pana joto au ubaridi kuliko ngozi ya jirani, pamekuwa pagumu au pamelegea, rangi yake imezidi weusi, na mzee anaumia ukipagusa. Anayekunja uso, basi, usiharakishe kusema amefurahi.

Tatu: uzito. Mizani ni chombo cha bei nafuu. Marekani, mzee akipungua asilimia 5 ya uzito wake kwa mwezi mmoja, au asilimia 10 kwa miezi sita, huhesabiwa kuwa amefikia alama ya hatari inayotaka kuchunguzwa. Kwa mzee wa kilo 50, hizo ni kilo mbili na nusu tu. Kaa naye wakati wa kula. Sahani kuwekwa mbele ya mtu aliyepooza mkono na kuondolewa baada ya nusu saa ikiwa imejaa, hiyo haikuwa huduma ya chakula. Mchele tuliopeleka uliwafikia wenye mikono.

Nne: maji. Mzee huweza kukaukiwa bila ya kuhisi kiu. Tena mahali penye wahudumu wachache hutokea akanyimwa maji jioni ili asilowanishe kitanda usiku. Tazama ulimi na midomo, uliza rangi ya mkojo, angalia kama kikombe kipo mahali mkono wake unapofika. Mzee aliyeanza kuweweseka ghafla, wasikwambie tu kwamba ni uzee. Huenda ni kiu au homa.

Tano: kufungwa. Wapo wanaofungwa kwenye kiti au kitanda kwa khanga ili wasianguke au wasizurure, na wapo wanaofungwa kwa vidonge vya usingizi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1987 ilimpa mkaazi wa nyumba hizo haki ya kutofungwa kwa kamba wala kwa dawa ikiwa shabaha ni adhabu au wepesi wa wahudumu. Ukikuta ukumbi mzima umesinzia saa nne za asubuhi, uliza.

Sita: heshima na ibada. Sikiliza wanavyoitwa. Je, anaamkiwa shikamoo, au anasemezwa kama mtoto? Mlango unafungwa anapooshwa? Asiyeweza kutawadha analetewa maji, au udongo wa kutayamamia? Kitanda chake kinaweza kuelekezwa Qibla? Na mzee asiye Muislamu naye, je, anapata wa dini yake wa kumzuru?

Saba: waulize wazee wenyewe. Huko huko Marekani, mwaka 1985, jumuiya moja ya watetezi iliwauliza mamia ya wakaazi wa nyumba hizi ni nini kwao huduma bora. Waliyoyatanguliza ni wahudumu wema, wanaowajali na kuwatendea kwa utu. Chakula na uhuru wa kuchagua navyo vilitajwa sana. Lakini mzee usimuulize mbele ya mfawidhi. Keti naye faraghani, umpe muda. Na yule asiyeweza kusema ndiye wa kutazamwa zaidi ya wote, kwa sababu hana njia nyingine ya kushitaki.

FUNZO KUTOKA KWA WENYE VYOMBO VIKUBWA

Huenda mtu akasema kwamba kazi hii ni ya serikali. Ni kweli serikali ina wajibu wake, nasi hatumvui mtu wajibu. Lakini tuangalie yaliyowafika wenye fedha na vyombo. Mwaka 2008 Marekani ilianza kuzipa nyumba za kutunzia wazee nyota, kuanzia moja hadi tano, ili jamaa wajue pa kumpeleka mzee wao. Sehemu moja ya nyota ilitokana na ukaguzi wa wakaguzi, lakini idadi ya wahudumu na hali za wazee ziliripotiwa na nyumba zenyewe. Ikaja kudhihirika kwamba baadhi ya nyumba zilizong'aa kwa nyota zilikuwa na malalamiko makubwa. Tangu mwaka 2016 zikatakiwa kumbukumbu za mishahara badala ya maneno, na hapo ikaonekana wazi kwamba mwishoni mwa juma wahudumu hupungua sana.

Kisha likaja janga la korona. Mwezi Machi 2020 milango ya nyumba hizo ilifungwa kwa wageni ili kuzuia maradhi. Pamoja na vifo vingi vilivyotokea, jamaa wengi waliporuhusiwa kuingia tena waliwakuta wazee wao wamekonda na kudhoofika akili. Ikafahamika kwamba binti aliyekuwa akija kila mchana kumlisha mama yake hakuwa mgeni tu. Alikuwa sehemu ya huduma yenyewe, na jicho lake lilikuwa ukaguzi usioandikwa popote.

Hivyo basi, nyota na vyeti vina faida yake, lakini havishiki nafasi ya mtu anayekuja mara kwa mara, kwa saa zisizotarajiwa, anayemjua mzee kwa jina na aliyemuona wiki iliyopita.

ADABU ZA MWENYE KUKAGUA

Ndugu zetu vijana, tusitoke hapa tukageuka majasusi. Kukagua nako kuna adabu.

Kwanza ni uadilifu. Allah ametuamrisha katika Sura Al-Maida, aya ya 8, kwamba chuki yetu juu ya watu isitupeleke kutofanya uadilifu. Baadhi ya makazi ya wazee yanaendeshwa na watu wa dini nyingine. Tukikuta humo ngozi nzima, matumbo yaliyoshiba na maneno mazuri, tuseme hivyo bila kutafuna maneno. Na tukikuta kosa mahali pa ndugu zetu, tuliseme vile vile.

Pili ni kumtofautisha aliyezembea na aliyelemewa. Yule mama wa usiku tulimkemea, ilhali yeye ndiye pekee aliyekuwa na mikono juu ya mzee yule saa ile. Ukaguzi unaoishia kumlaumu mtu wa chini kabisa haukufika kwenye chanzo.

Tatu ni sitara. Ngozi hutazamwa kwa idhini, mwanamume na wanaume, mwanamke na wanawake, kwa faragha na pamoja na muuguzi. Na picha tuziache. Mzee aliyevuliwa shuka si tangazo la kuombea michango.

Nne ni njia. Neno huanzia kwa mfawidhi, kwa upole na kwa maandishi yenye tarehe. Lisipofanyiwa kazi lifikishwe kwa afisa ustawi wa jamii. Penye hatari ya uhai hakuna kungoja barua. Hapo ni kumpeleka hospitali kwanza.

KIPIMO HICHO HICHO MAJUMBANI

Tungependa kuishia hapo, lakini tungekuwa tumewaficha jambo.

Baada ya maziko ya yule mzee tulirudi nyumbani. Katika chumba cha uani analala bibi yetu, mzaa mama, ambaye miguu imemwisha nguvu. Kila siku tulikuwa tukipita mlangoni pake na kusema, "Shikamoo Bibi," naye akijibu, "Marahaba, mwanangu," nasi tukaenda madrasa kuwafundisha watoto Sura Al-Israa. Siku ile tuliingia ndani, tukaomba ruhusa, tukapapasa visigino vyake. Kimoja kilikuwa kimelegea kama embe lililopita kuiva, na akaurudisha mguu kwa maumivu. Hakuwa ametuambia. Tulimuuliza kwa nini, akasema hakutaka kutusumbua, sisi watu wa kazi.

Anayemgeuza ni mama yetu, ambaye mwenyewe anaumwa mgongo. Tukalikumbuka swali la yule mama wa zamu. Katika nyumba yetu, usiku, tulikuwa wangapi? Watu tisa walikuwa wamelala, na anayeamka alikuwa mmoja.

Ndugu zetu, tumezoea kusema kwamba sisi hatuna haja ya nyumba za wazee, kwa kuwa tunawatunza wenyewe. Tumeusema usemi huo mbele yenu zaidi ya mara moja. Ni usemi wa fahari, lakini mzee hatunzwi kwa fahari. Yule aliyeachwa chumba cha uani, akihudumiwa na mtu mmoja aliyechoka, huku wanawe wakipita mlangoni kwa salamu, hana mkaguzi wala daftari la wageni. Huko kwenye makazi angalau mtu hufika na mchele mara moja kwa mwezi. Mambo yale saba tuliyoyataja, tuyaanzie katika nyumba zetu usiku wa leo.

TULIYOYAAZIMIA

Tunayaleta mbele yenu mambo manne, tukiomba kila mmoja ajipime penye uwezo wake.

1. Ziara zetu hazitakuwa tena za Jumapili ya kwanza peke yake. Vijana watakwenda wawili wawili, kwa siku na saa mbalimbali, kwa makubaliano na mfawidhi kwamba hodi yetu haitakuwa na ratiba. Kila jozi itakuwa na wazee wake wale wale, ili ajulikane aliyekonda.

2. Nusu ya fedha tulizokuwa tukinunulia mchele tutaziomba zielekezwe kwenye posho ya mhudumu wa pili wa usiku, na ununuzi wa mizani, mito na nailoni za magodoro.

3. Muuguzi ataombwa aje kuwafundisha wanaume na wanawake, kila kundi kwa wakati wake, namna ya kumgeuza, kumlisha na kumuosha mgonjwa. Somo hilo litakuwa pia kwa wanaohudumia wazee majumbani.

4. Kila mwanamume hapa mwenye mzee nyumbani ashike usiku wake mmoja au miwili kwa juma, amwache mama, mke au dada apumzike. Sisi tumekwishaanza. Kisigino cha bibi yetu, kwa uwezo wa Allah, kimepona.

Yule fundi seremala hatukuweza kumwomba radhi, kwani ulimi wake ulikuwa umefungwa na macho yetu yalikuwa yamefungwa. Tumebaki kumwombea, na kuwatazama walio hai.

Ewe Mola wetu, mrehemu mzee yule na uyafanye maumivu yake kuwa kafara ya madhambi yake. Tusamehe ushahidi tulioutoa bila kutazama. Wahurumie wazazi wetu kama walivyotulea tukiwa wadogo, na utakapotufikisha katika umri wa kugeuzwa kitandani, utujaalie mikono yenye huruma.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.